Dondoo Muhimu: Kupunguza Hewa Ukaa Jijini Dar es Salaam

Ukarabati wa nishati, yaani marekebisho yanayolipunguzia jengo mahitaji yake ya umeme, hufaa kuliko kubomoa na kujenga upya, kwa kuwa huokoa pia saruji na chuma, ambavyo utengenezaji wake hutoa hewa ukaa kwa wingi. Katika nyumba za Dar es Salaam, ambako joto kubwa huingia kupitia paa la bati, kazi ianzie juu: bati lipakwe rangi nyeupe inayorudisha miale ya jua, dari itandikwe kihami joto, yaani tabaka linalozuia joto kupenya, na nafasi iliyo kati ya dari na bati iachiwe matundu ya kupitisha hewa. Kiyoyozi kinunuliwe baada ya hapo tu, kwani chumba kisichopata joto kali huhitaji mashine ndogo, nayo ikiwekwa nyuzi 26 badala ya 18 hutumia umeme kidogo zaidi.

Kuhusu usafiri, mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, hubeba kwa safari moja abiria ambao wangejaza magari madogo mengi. Hata hivyo, faida hiyo hupotea pale ambapo abiria hawezi kukifikia kituo kwa miguu bila kuunguzwa na jua au kukanyaga matope. Kwa hiyo njia za waendao kwa miguu, zenye miti na zisizogeuzwa kuwa maegesho, zinastahili kutengewa fedha kabla ya barabara za juu.