Kontena, Kiolezo na Gumzo: Tatizo la Sitiari katika Istilahi za Tarakilishi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa isimujamii anayechunguza gumzo la maandishi hawezi kulikwepa swali moja la kiufundi: maneno yanayopita katika skrini yanahifadhiwa wapi? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kutumia mfano wa programu ya irssi inapoendeshwa ndani ya kontena la Docker. Hoja yetu ni kwamba sitiari ya kontena, ambayo Kiswahili kimeipokea pamoja na neno lenyewe, humwongoza mtumiaji vizuri hadi nusu ya safari, kisha humpoteza. Anayepotezwa hupoteza pia data yake.

2.0 Programu na Mazingira Yake

Mfumo wa gumzo uitwao IRC ulibuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988. Irssi, iliyoanzishwa na Timo Sirainen mwaka 1999, ni mojawapo ya programu za kuingilia mfumo huo. Hutumika katika terminali, yaani skrini ya maandishi matupu inayoongozwa kwa kibodi. Docker, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, huifungasha programu pamoja na vyote inavyovitegemea, ili mtumiaji asilazimike kuvisakinisha kimoja kimoja.

Programu nyingi zinazofungashwa hivyo hujiendesha zenyewe, bila mtu wa kuzitazama. Irssi sivyo: lazima isikie kibodi na ichore skrini. Ndiyo maana amri ya kuianzisha huwa na viambajengo -i na -t; cha kwanza huacha wazi njia ya kuingizia maandishi, cha pili huipatia programu terminali ya kuigiza. Aidha, thamani ya TERM hupitishwa ndani ili programu ijue ni terminali ya aina gani inayoichorea. Hata hivyo migongano hubaki. Katika irssi, Ctrl-P humpeleka mtumiaji kwenye dirisha lililotangulia. Kwa Docker, Ctrl-P ikifuatwa na Ctrl-Q ni ishara ya kujitenga na kontena bila kulizima. Matokeo yake ni kwamba Docker huishikilia Ctrl-P ya kwanza ikingoja herufi ifuatayo, na mtumiaji hudhani kibodi yake ni mbovu. Dawa ni kubadili ishara hiyo kwa kiambajengo --detach-keys.

3.0 Sitiari Inapopotosha

Kwa msemaji wa Kiswahili, kontena ni sanduku la chuma la bandarini. Ni kitu cha kudumu mno: likichoka na safari za baharini hugeuzwa duka au ghala kando ya barabara. Ukiweka kitu ndani na kufunga mlango, utakikuta. Kontena la programu halina tabia hiyo. Maandishi yanayoandikwa ndani yake hubaki maadamu kontena hilo halijafutwa. Likifutwa, nayo hufutika. Tena kulifuta ni jambo la kawaida, kwa kuwa ndivyo programu inavyofanywa upya: kontena la zamani huondolewa na jipya huundwa.

Hapa ndipo mtafiti huumia. Kwa kawaida seva ya IRC haimwekei mtumiaji nakala ya mazungumzo. Anayetaka kumbukumbu hujiwekea mwenyewe. Irssi huweza kuandika gumzo katika faili, lakini kipengele hicho, autolog, huwa kimezimwa hadi kiwashwe. Kikiwashwa, faili huenda katika saraka ya irclogs, ilhali mipangilio ya programu imo katika saraka nyingine, .irssi. Mwongozo wa kawaida humfundisha mtumiaji kuiunganisha .irssi na tarakilishi mwenyeji, tena kwa kusomwa tu. Anayeufuata neno kwa neno huhifadhi mipangilio yake na kuacha gumzo lote ndani ya kontena. Kwa mwanaisimu, mipangilio si kitu. Gumzo ndilo data. Sharti saraka ya irclogs nayo iunganishwe, na iruhusiwe kuandikwa.

Kuta nazo hupotosha. Kontena la programu si tarakilishi ndani ya tarakilishi. Hutumia kiini kilekile cha mfumo endeshi wa mwenyeji wake. Mfano ulio karibu zaidi ni chumba cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini ua, kisima na msingi wa nyumba ni vya wote.

4.0 Istilahi

Je, tuliache neno kontena? Hatuoni haja. Limekwisha kuzoeleka, na kasha au chombo yangeleta utata uleule bila faida ya mazoea. Tatizo kubwa zaidi limo katika istilahi iendayo nalo. Kile ambacho kontena huundwa kutokana nacho huitwa taswira na baadhi ya wafasiri, neno ambalo katika taaluma ya fasihi lina kazi yake ya siku nyingi na ambalo halisemi lolote kuhusu kuunda. Tunapendekeza kiolezo. Fundi cherehani hukata nguo nyingi kwa kiolezo kimoja, na doa la wino katika shati la kwanza halihamii katika la pili. Mwanafunzi aliyeanza na neno hilo hatashangaa kuona kontena jipya la irssi halina hata neno moja la gumzo la jana.