Kilima Hudai Deni Lake Ukishuka

Kwetu ni Nyamirambo. Ukitoka mlangoni huna njia tambarare: huku unapanda kuelekea Mlima Kigali, huku unateremka kuelekea Nyabugogo. Nilipojiandikisha kukimbia marathoni nzima ya Kigali kwa mara ya kwanza, kilomita 42 na ushee, kila niliyemwambia alinionya juu ya kitu kimoja tu: kupanda. Nami nikaamini. Kwa miezi miwili nilipanda mlima kwa miguu kila Jumanne na Alhamisi, kisha nikarudi chini kwa pikipiki ili niyahifadhi magoti.

Hilo ndilo kosa ninalotaka usilirudie. Wiki saba kabla ya mbio nilijipima kwa kilomita 25 za kupanda na kushuka. Kupanda nilikwenda vizuri hadi nikajishangaa. Nilipoanza mteremko wa tatu, mapaja yalianza kutetemeka, na kufika bondeni miguu haikunitii tena. Nilirudi nyumbani natembea. Siku ya pili yake ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kukaa kitini kulihitaji mikono miwili.

Sababu yake si siri. Unapopanda, msuli wa paja hujikunja ukisukuma. Unaposhuka, msuli uleule hukaza huku unavutwa, kwa sababu kila hatua unaupokea uzito wa mwili mzima na kuuzuia. Msuli usiozoea kazi hiyo huchanika katika nyuzi zake ndogo. Habari njema ni kwamba hujifunza haraka mno: ukiupa mteremko kidogo leo, baada ya wiki moja au mbili mteremko uleule hauuumizi tena kama mwanzo. Kwa hiyo anza na mita 200 za njia ya udongo, taratibu, mara nne. Wiki inayofuata ongeza. Hatua ziwe fupi na nyingi, kifua kiinamie mbele kidogo, usikanyage kisigino mbele yako kama mtu anayefunga breki. Mikono ipanuke. Macho yatazame hatua kumi mbele, si vidole vya miguu. Wiki mbili za mwisho acha miteremko mikali kabisa, msuli upone.

Kupanda nako kuna adabu yake. Mwinuko wa asilimia 10 unakugharimu nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya zile za tambarare kwa umbali uleule, kwa hiyo anayeng'ang'ania mwendo wake wa tambarare mlimani anakopa asichoweza kulipa. Saa ya mkononi niliiacha nyumbani. Kipimo changu kilikuwa salamu. Hapa Kigali huwezi kupita alfajiri bila kusalimiwa, na mwenye heshima haitikii kwa kichwa. Mtu akiniambia « mwaramutse », nikaweza kumjibu salamu nzima na kumuuliza hali bila kukata neno katikati, basi mwendo ni sawa. Nikishindwa, napunguza. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akifagia uwanja wake kila nikipita, aliniuliza kwa Kiswahili, « Mwanangu, anayekukimbiza nani? » Siku niliyoweza kumjibu kwa sentensi tatu nikiwa napanda, nilijua nimeiva.

Na ukifika mahali ambapo kukimbia kunazaa hatua fupi kuliko kutembea, tembea. Viganja juu ya mapaja, mgongo usijikunje, twende. Nilijifunza hilo kwenye kile kinachoitwa Mur de Kigali, yaani ukuta wa Kigali, kule Kwa Mutwe, mita 400 hivi za mawe ya kupanga zenye mwinuko wa asilimia 11. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, hapa Kigali, na wanaume waliendesha kilomita 267 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda. Mlima Kigali na ukuta huo vilikuwa njiani. Tadej Pogačar aliondoka na wenzake wachache mlimani palepale, zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho, akashinda. Mawe ya ukuta huo yakiwa na mvua huteleza kama sabuni, basi mvua ikinyesha hamia kwenye lami.

Mvua yenyewe lazima uipangie. Marathoni ya Kigali, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la amani, hufanyika mwishoni mwa Mei au Juni, maana yake unafanya mazoezi ndani ya masika yote ya Machi hadi Mei. Nilikuwa na jozi mbili za viatu, moja inakauka nyingine inafanya kazi. Nunua viatu vinavyobakiza nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na ukate kucha siku mbili kabla ya mbio ndefu. Kwenye mteremko mguu husogea mbele na kucha ndizo zinazogonga. Kamba zifunge mpaka tundu la mwisho.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili asubuhi. Nilitoka saa kumi na moja, nikamaliza, nikaoga, nikachukua jembe. Jumapili zisizo na magari, zilizoanza 2016, ndizo zawadi ya mkimbiaji wa mji huu: barabara kubwa kadhaa wazi, watoto, wazee na akina mama wenye leso wako lamini pamoja nawe. Kilomita zangu ndefu zote nilizifanya Jumapili hizo.

Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Muda wako wa pwani usiulete huku. Anza polepole kuliko unavyoona aibu, na kama unaweza kufika siku kadhaa mapema, fika.

Chakula sikukibuni. Saa tatu kabla ya kuanza, uji wa mtama na ndizi mbili ndogo. Njiani vipande vya ndizi kila nusu saa hata nikiwa sina njaa, na maji kila kituo, yale ya chumvi na sukari nikiwa nayo mkononi.

Siku yenyewe tulianzia Remera kukiwa na ubaridi. Kilomita kumi za kwanza nilipitwa na watu wengi sana na ilinibidi nijizuie kwa nguvu. Karibu na kilomita 30 nilianza kuwakuta haohao, na nilichogundua ni kwamba nilikuwa nawapita kwenye miteremko. Wao walikuwa wanashuka upande upande, mkono kwenye paja. Mimi mapaja yangu bado yalikuwa yananipokea. Nilisimama kumsaidia kaka mmoja aliyebanwa na msuli, nikamvuta kidole gumba cha mguu kuelekea kwenye goti mpaka ulipoachia, nikampa chumvi yangu iliyobaki.

Kilima cha mwisho nilikigawa kwa nguzo za umeme: nguzo mbili nakimbia, moja natembea. Mama mmoja pembeni ya barabara alinipigia makofi, akanisalimia. Nilimjibu salamu nzima, nikamuuliza habari za nyumbani, akaanza kunijibu nami nikiwa nimeshapita.