Haki ya Kupumzika kwa Mfanya Biashara

Ndugu zetu Waislamu, wako wafanya biashara wadhanio kwamba duka likifungwa saa moja, riziki nayo imefungiwa nje. Hufungua alfajiri, hufunga usiku wa manane, na hata chakula hukila kando ya mizani. Yatupasa tuulize: je, dhana hii yaafikiana na dini na akili?

Ama dini, Mwenyezi Mungu katika Sura ya 78, An-Naba, ametaja usingizi kuwa ni mapumziko kabla ya kuutaja mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Na katika Sura ya 62, Al-Jumua, waumini wameamrishwa waache biashara waiendee Sala, kisha ikimalizika watawanyike wakatafute fadhila zake. Ijumaa, basi, si siku ya kukaa bure mchana kutwa. Ni kusimama kidogo, kisha kurudi kazini. Salman al-Farisi alipomwona Abu Dardai anajikalifisha kwa saumu na sala za usiku, alimkumbusha kuwa nafsi yake na ahli zake wana haki juu yake. Na Mtume s.a.w. akamsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada imewekewa kiasi, sembuse kuuza sukari?

Ama akili, mwaka 2004 wataalamu wa Lübeck, Ujerumani, walieleza jaribio lao. Watu walipewa hesabu yenye njia ya mkato iliyofichika. Waliolala usiku kisha wakairudia, walioigundua njia ile walizidi maradufu ya wale waliokesha.

Sasa tutazame Turkana. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, ulikuta humo biashara zaidi ya 2,000, za Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo. Nchi ile ni ya jua kali. Lodwar joto la mchana mara nyingi hufikia daraja 35, na adhuhuri hata mchungaji hutafuta kivuli. Penye maduka mengi yauzayo unga ule ule kwa bei ile ile, hapana atakayewashinda wenziwe kwa kukesha tu. Atakayeshinda ni yule aliyeona wasiloliona wenziwe.

Tuseme mtu ana duka Kakuma, na gari lake hupeleka unga na sukari pande za Nakalale. Akiwa mbioni daima, swali lake ni moja: nipeleke magunia mangapi? Siku moja afunge duka adhuhuri, asali, ale na watu wake, alale kidogo. Baada ya Alasiri, akili imetulia, humjia swali jingine: kwa nini gari hurudi tupu? Kule kuna ngozi za mbuzi, na kuna mikeka na vikapu vya majani ya mikoma wavisukavyo wanawake wa Kiturkana. Vikapu hivyo vyaweza kupata wanunuzi hata Mombasa. Swali hili lilikuwapo siku zote, lakini halikupata nafasi ya kuulizwa.

Mafunzo yetu ni matatu. Kwanza, mapumziko si uvivu. Mvivu hukimbia kazi, na mwenye kupumzika hujiandaa kuirudia. Pili, kukesha barazani kwa mirungi na kusengenya watu si mapumziko, kwani mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Tatu, na hili ndilo zito, haki hii si ya tajiri peke yake. Yuko kijana wa dukani asiyepewa saa ya kulala wala nafasi ya kwenda msikitini, na bwana wake hulalamika kuwa hana akili ya kazi. Akili ataitoa wapi, na bwana ndiye aliyeichosha?

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakifunga maduka adhuhuri na kufungua Alasiri, wala hawakufa njaa. Tusiione ada hii kuwa ni ujinga wa kale. Ijumaa ijayo kila mwenye duka na afunge mapema, na kijana wake aende naye Sala.

Wabillahi tawfiq.