SOMO LA VIJANA: KUVUKA ZIWA ILI KUTUMIKA

Masomo ya kusoma: Luka 10:1-9, Mathayo 5:23-24



Vijana wetu wa Bambu wameomba ruhusa ya kuvuka Ziwa Albert kwenda Kyangwali, nchi ya Uganda, kutumikia watoto na jamaa za wakimbizi. Nsinsani imefanyika, sabuni na madaftari yamepatikana. Tunamshukuru Mungu. Lakini kabla ya kupanda mashua, tujifunze pamoja maana ya safari hii.

1. Tunawaendea nani?

Tunawaendea majirani zetu. Vita vilipowaka tena katika Djugu mwezi wa Desemba 2017, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa katika miezi michache tu. Wengi walishuka Sebagoro, wakapelekwa Kyangwali. Wengine walikufa majini. Mwezi wa Februari 2018 kipindupindu kiliwakuta huko, kikaua tena. Watu hao hawakukimbia njaa. Walikimbia watu.

Sisi pia tulizika wetu, sisi pia tulilala porini na watoto. Hatuandiki haya ili kuhesabu nani aliumizwa zaidi. Tunaandika kwa sababu mama mmoja huko atawauliza: "Watoto wangu, mwatoka wapi?" Mtajibu: "Bambu, Mama." Naye atanyamaza. Saa ile ndiyo saa ya utumishi wenu, kupita saa ya kugawa sabuni.

2. Sadaka na ndugu

Katika Mathayo 5 Bwana anamwambia mtu aliyekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana. Sabuni yetu ni sadaka. Basi kijana ambaye bado anauliza mtoto ni wa kabila gani kabla ya kumpa daftari, abaki kwanza nyumbani aombe. Hatumfukuzi; tunamwambia safari yake haijaiva.

Na mama yule akisema maneno machungu, msijitetee. Msianze kuhesabu wafu wa upande wetu. Ketini chini, msikie mpaka mwisho.

3. Mfano wa Apolo

Katika Ituri yetu alikuja zamani kijana mgeni, Apolo Kivebulaya, Muganda. Hakuwa wa kanisa letu, lakini kazi yake inatufundisha. Mwaka wa 1896 alifika Mboga, kwa mtemi Tabaro. Walimu waliomtangulia walikuwa wamerudi kwa sababu ya kukosa chakula. Apolo alishika jembe, akalima. Mwaka wa 1898 dada ya mtemi alikufa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa umefichwa katika majani, na Apolo akashtakiwa bure, akafungwa minyororo, akaondolewa. Baadaye alirudi kwa watu wale wale. Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933, akazikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza, maana kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Tunajifunza nini? Alikuja na mikono yake, na alirudi mahali alipoumizwa.

4. Historia yetu wenyewe

Papa Simon Kimbangu alihukumiwa tarehe 3 Oktoba 1921. Alikaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Na jamaa za waaminifu zilitupwa mbali na vijiji vyao, wazee na watoto pamoja. Kanisa lenye wazazi wa namna hiyo haliwezi kumtazama mkimbizi kama mtu wa chini. Upendo, amri, kazi: maneno haya matatu tunayoyasema kila siku yavuke ziwa pamoja nanyi.

5. Mashauri ya safari

a) Karatasi za njia ziwe tayari, na wakubwa wa kambi wajue mnakuja.

b) Kaeni mahali pamoja, kama Luka 10 inavyofundisha. Kupita nyumba kwa nyumba kwa mbio ni matembezi.

c) Ombeni kazi ya mikono. Huko Uganda jamaa nyingi hupewa kipande cha shamba. Wako wajane na wazee wasio na nguvu ya kulima. Chimbeni vyoo, choteni maji, kateni majani ya kuezeka.

d) Watoto waliosoma kwetu kwa Kifaransa, huko husoma kwa Kiingereza, mkubwa hukaa darasa moja na wadogo. Msiwacheke. Waacheni wawafundishe ninyi maneno machache, nao watainua kichwa.

e) Msipige picha ya mtoto mwenye shida ili ionekane Bunia. Msiahidi kitu ambacho hamtatimiza.

f) Mkiwekewa chakula, kuleni, hata kikiwa kidogo. Bwana aliwaagiza wale sabini kula walichowekewa. Anayekataa chakula cha maskini amemwambia kwamba yeye hana kitu cha kutoa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

- Nani ana neno juu yetu, nasi hatujamwendea?
- Kwa nini Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko?
- Tukikataliwa siku ya kwanza, tutafanya nini siku ya pili?

Wapendwa, mkirudi hatutauliza mligawa sabuni ngapi. Tutauliza: nani huko aliwapikia? Mama akijua kwamba ninyi ni watoto wa Bambu, na bado akawawekea ugali, mjue kwamba Mungu amefanya kazi kwenu na kwake.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awalinde juu ya maji. Amina.