SOMO LA UFUNDI: Kuchagua Jigsoo na Mabapa Yake



Somo letu la leo linawahusu maseremala wa viwandani hapa Bujumbura, wenzao wa karakana za chai huko Teza na Rwegura, na wale ndugu ambao mchana humtumikia mwajiri na jioni hujitafutia riziki kwa mikono yao wenyewe huko Buyenzi na Bwiza. Chombo chenyewe ni ule msumeno mdogo wa umeme ambao bapa lake hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Kwenye masanduku ya dukani huandikwa kwa Kifaransa «scie sauteuse». Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huuita jigsoo, nasi tutatumia jina hilo kwa kuwa ni fupi.

Kisa ndicho kilichonifanya niandike. Katika karakana moja ya mjini humu, fundi kijana alipewa kazi ya kukata mbao za juu ya meza. Kingo zikaenda upande, na uso wa mbao ukachanikachanika. Msimamizi akasema kijana ni mzembe, akaagiza bei ya mbao mbili ikatwe katika mshahara wake. Wakati huo nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi. Nilichukua guni, yaani ekeri, nikaiegemeza kwenye jigsoo ile, nikaona kitako chake kimepinda. Bapa lililofungwa humo lilikuwa la kukatia bati! Tukapeleka chombo, guni na vipande vya mbao mezani kwa msimamizi. Makato yakafutwa, lakini baada ya wiki tatu, na wiki tatu ni ndefu kwa mtu mwenye kodi ya nyumba.

Sasa tuone kwa nini jigsoo huenda upande. Msumeno wa mkanda hushikiliwa juu na chini. Bapa la jigsoo hushikiliwa juu tu. Ncha yake ya chini iko huru, haina mshikaji. Mbao ikiwa nene, au fundi akisukuma kwa nguvu, ncha ile hupinda ndani ya mbao. Juu utaona umefuata mstari barabara, kumbe chini umetoka nje kwa milimita tatu. Kwa hiyo ubora wa jigsoo ni ule wa vitu vinavyolishikilia bapa: mhimili unaopanda na kushuka, kigurudumu kidogo kinacholiegemeza bapa kwa nyuma, na kitako kinachotambaa juu ya mbao. Wati nyingi zilizochapwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku hazikunyoshei mkato. Wati 500 hadi 700 zinatosha kwa kazi zetu nyingi.

Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wa vyombo wametawanyika mitaani, na bidhaa nzuri na mbaya hukaa rafu moja. Usione haya kumwambia mwenye duka afungue sanduku. Kabla ya kuchomeka waya kwenye umeme, funga bapa, kisha lishike ncha kwa vidole viwili na ulitikise kulia na kushoto. Likicheza na mhimili wake ukacheza pamoja nalo, rudisha chombo hicho. Mchezo huo hautapungua. Kila mwezi wa kazi utauongeza. Halafu simamisha guni juu ya kitako, uone kama bapa linasimama wima. Tazama kitako chenyewe: kile kizito cha kumiminwa, au cha bati nene, hudumu, kile cha bati jembamba hupinda siku jigsoo itakapoanguka mezani, na itaanguka. Kaza skrubu yake, kisha jaribu kukizungusha kwa mkono. Kikitembea, hicho si kitako.

Baada ya hapo washa. Swichi nzuri hukuruhusu kuanza polepole na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Jigsoo nyingi hufika karibu mapigo 3,000 kwa dakika, lakini mwanzo wa mkato na kwenye chuma unahitaji mwendo mdogo. Pembeni huwa na kitasa chenye namba 0 hadi 3, ambacho hulifanya bapa lisukumwe mbele linapopanda. Namba kubwa huharakisha kazi katika mbao laini, ila hurarua kingo. Kwa mkato safi, kwa mapindo, na kwa chuma, weka sifuri.

Angalia pia volti. Umeme wa Regideso ni wa volti 220. Vyombo vilivyotumika kutoka Marekani ni vya volti 120, na vile vya rangi ya njano kutoka kwenye majengo ya Uingereza mara nyingi ni vya 110. Ukikichomeka moja kwa moja, umenunua moshi.

Nakuja kwenye mabapa, ambako fedha nyingi za mafundi hupotea. Kwanza mkia. Mabapa ya siku hizi yana mkia wenye mabega mawili kama herufi T. Ya zamani yana mkia wenye pengo kama herufi U. Nunua jigsoo ya mkia T, kwa sababu ndiyo mabapa utakayoyapata kwa urahisi.

Pili meno. Meno makubwa yaliyoachana kama milimita nne, yaliyopindwa moja kulia na jingine kushoto, hukata upesi na kuacha ukingo mkwaruzo. Hayo ni ya mikaratusi na mbao za ujenzi. Meno ya milimita mbili na nusu, yaliyonolewa kwa jiwe na yasiyopindwa, hukata polepole na kuacha ukingo karibu na wa randa. Hayo ni ya grevilea na mbao za fanicha. Kwa plaiwudi nyembamba na mapindo ya karibu, tafuta bapa jembamba kwa upana lenye meno madogo zaidi. Bapa pana halikubali kugeuka, na ukililazimisha litavunjika. Katika mabapa ya Bosch, aina hizi tatu huandikwa T144D, T101B na T101AO, na watengenezaji wengine wengi wameziiga namba hizo. Kwa bati liko T118A, ambalo kwenye mbao huungua na kutangatanga kama lilivyomtenda kijana wetu.

Tatu urefu. Jumlisha unene wa mbao na mwendo wa bapa. Mbao ya milimita 40 na mwendo wa 25 ni 65, basi meno yasipungue urefu wa milimita 70. Likiwa fupi, ncha itagonga ndani ya mbao na kupinda.

Meno mengi hukata yakipanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaoraruka. Chora mstari upande wa nyuma wa mbao na uso mzuri ulale chini. Mbao kuukuu zenye misumari zina bapa lake, lile la vyuma viwili vilivyounganishwa. Ni ghali, lakini bapa la kawaida hufa kwenye msumari wa kwanza.

Inasemekana Albert Kaufmann, aliyebuni chombo hiki mwaka 1946 katika kiwanda cha Scintilla kule Solothurn, Uswisi, alianza kwa kuweka bapa la msumeno mahali pa sindano katika cherehani ya mkewe. Chombo hiki hakishindi msumeno wa sahani katika mistari mirefu. Hata jigsoo bora katika mbao ya milimita 40 mimi huiachia mstari milimita moja au mbili, kisha namalizia kwa randa.

Miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi visitoke mfukoni mwako ukiwa kazini kwa mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Tangu Juni 2022 mkataba huo ni miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Vumbi la mbao limethibitishwa kuleta saratani ya pua, basi dai hilo si la anasa.

Ukikabidhiwa jigsoo ya karakana, fanya jaribio la guni na la vidole mbele ya msimamizi kabla ya mkato wa kwanza, na kasoro yoyote iandikwe katika daftari la vyombo siku hiyo hiyo. Kwa wanaojinunulia, pakiti moja mara nyingi huwa na mabapa matano: mafundi wawili au watatu wanaweza kuchanga pakiti ya meno makubwa na ya meno madogo, wakagawana. Yatunze katika kopo lenye kitambaa cha mafuta, maana hewa ya ziwani huleta kutu upesi.