Dondoo Muhimu: Kuitazama Masika Ukiwa Nyumbani

Katika mwambao wetu, baina ya Machi na Aprili, ambapo kaskazi hulegea na kusi bado haijashika, hewa huwa haina tabia moja, na kwa hiyo yafaa jamaa ya nyumba iwe na daftari la kuandikia, kila siku wakati ule ule, upepo utokako, hali ya mawingu na kiasi cha mvua iliyonyesha.

Kupima mvua hakuhitaji gharama: twaa kopo lililonyooka pande zote, lenye kitako bapa, uliweke mahali pa wazi, mbali na miti na michirizi ya paa, kisha kila siku saa 3 asubuhi utumbukize rula wima usome kina cha maji kabla ya kuyamwaga, na ujue kwamba milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba, hesabu imfaayo sana mwenye kukinga maji ya paa.

Waachie watoto kazi ya kuwatazama kumbikumbi, ambao aghalabu huruka baada ya mvua za mwanzo. Macho ya watoto ni makali kuliko yetu, na tarehe watakazoandika zitakuwa hazina ya kulinganishia mwaka hata mwaka.

Radi yataka hadhari. Hesabu sekunde baina ya umeme na ngurumo, ugawe kwa 3, upate umbali wa radi kwa kilomita. Lakini mkisikia ngurumo, hata ya mbali, ingieni ndani, wala msijikinge chini ya mwembe au mnazi.