Kadi ya grafiksi: Bei ya Kariakoo, gharama ya Lyamkena

Mfanyabiashara wa Lyamkena anayetaka kufungua chumba cha gemu za kompyuta hukutana na swali gumu hata kabla ya kodi ya pango: anunue kadi gani ya grafiksi? Kadi hiyo ni kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kichore picha za gemu. Kompyuta zenyewe hazina utata mkubwa. Nyingi zinazofikiwa na mtaji mdogo ni za mtumba zilizotoka maofisini, aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Kadi ndiyo inayoamua kama kijana aliyelipia saa moja atarudi kesho au atahamia kwa jirani mwenye PlayStation.

Wanunuzi wengi hulinganisha kadi kwa mambo mawili: jina lililoandikwa kwenye boksi na idadi ya gigabaiti. Yote mawili yanaweza kumtia mtu hasara.

Mfano mzuri ni GT 1030 ya kampuni ya NVIDIA. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GB 2 aina ya GDDR5, yenye uwezo wa kupitisha data GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaingia sokoni nyingine yenye jina lilelile na GB 2 zilezile, lakini kumbukumbu yake ni DDR4, na inapitisha GB 17 hivi tu kwa sekunde. Ni sawa na mabomba mawili yaliyounganishwa kwenye tanki moja, moja likiwa la inchi tatu na jingine la inchi moja. Majaribio yaliyofanywa mwaka huohuo yalionyesha kwamba katika gemu kadhaa kadi ya DDR4 hutoa karibu nusu ya fremu za ile ya kwanza. Mwenye duka akiulizwa atasema "ni 1030, GB mbili", na hatakuwa amesema uongo. Swali la kumuuliza ni aina ya kumbukumbu, si ukubwa wake tu.

Fremu ni picha moja moja zinazochorwa kwa sekunde. Fremu 30 zinachezeka, ingawa mchezaji wa mpira wa kwenye kompyuta atalalamika kwamba pasi inachelewa. Fremu 60 zinamridhisha. Zaidi ya hapo ni fedha iliyotupwa ikiwa kioo ni cha ofisini, kwa maana vioo hivyo kwa kawaida huonyesha picha 60 tu kwa sekunde hata kadi ikichora 140.

RX 580 ya AMD, iliyotoka mwaka 2017, nayo ina pacha wake. Ya asili ina viini 2,304 vya kuchakata picha. Mwaka 2018 lilitolewa kwa soko la China toleo lenye viini 2,048, idadi ileile ya RX 570, na jina likabaki RX 580. Kadi hizo zimesambaa kwenye masoko ya mitumba duniani. Si kadi mbovu, ila mwenye kulipa bei ya 580 kamili anapewa kitu kingine. Mbaya zaidi ni zile za kughushi: kadi kuukuu ya miaka ya 2010 na 2011 inabadilishwa programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikizitambua nyingi za aina hii tangu 2018, na inaingia kwenye flashi ndogo ya mfukoni.

Likishapita suala la jina, linakuja la umeme, na hapa ndipo bei ya Kariakoo inapoachana na gharama ya Lyamkena.

Kompyuta ya ofisini haikutengenezwa kwa gemu. OptiPlex 7020 yenye kasha kubwa ina pawa saplai ya wati 290, na ile yenye kasha dogo wati 255. Kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itategemea tundu la mazabodi peke yake, na tundu hilo linatoa wati 75 basi. GTX 750 Ti (wati 60), GTX 1050 Ti (75) na GTX 1650 (75) zinaishi ndani ya mpaka huo, ingawa baadhi ya matoleo ya 1050 Ti na 1650 yana kichwa cha waya wa ziada, hivyo lazima yaangaliwe kwa macho. RX 580 inataka wati 185. Anayeinunua kwa ajili ya kompyuta ya namna hii atalazimika kutafuta pawa saplai nyingine, na kwa Dell wa miaka hiyo plagi za mazabodi si za kawaida, kwa hiyo kuna adapta pia ya kununua. Kasha dogo lina tatizo lake tena: linapokea kadi fupi za nusu kimo tu. Kadi nzuri isiyoingia kwenye kasha ni pambo la kabati.

Hesabu ya LUKU ifanywe kabla ya safari. Tofauti ya RX 580 na GTX 1650 ni wati 110. Chumba kikifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, tofauti hiyo ni uniti 28.6 kwa kila kompyuta. Uniti ikikadiriwa shilingi 350, ni shilingi 10,010 kwa mwezi. Kwa kompyuta nne inafika shilingi 40,040 kwa mwezi, au 480,480 kwa mwaka. Kweli, kadi haili wati zake zote kila dakika, kwa hiyo hayo ni makadirio ya juu. Lakini ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba RX 580 inauzwa 200,000 na GTX 1650 inauzwa 260,000. Ile nafuu ya shilingi 60,000 inamalizwa na LUKU ndani ya miezi sita, kabla hata ya kuhesabu pawa saplai mpya. Katika mji ambao biashara hufuata misimu ya mazao, miezi ya ukata ndiyo inayoua vyumba vya gemu, na uniti hazisubiri mavuno.

Kifaa cha kulinda umeme, UPS, kinaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Nyingi za VA 650 hubeba kati ya wati 350 na 400, si 650 kama wengi wanavyodhani. Kompyuta yenye GTX 1650 pamoja na kioo chake inatosha hapo kwa raha. Yenye RX 580 inakaribia ukingo, na umeme ukikatika mchezaji akiwa katikati ya mechi, UPS inaweza kuzima nayo.

Haki itendeke kwa RX 580. Ina GB 8 za kumbukumbu na inapitisha GB 256 kwa sekunde, wakati GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4 na inapitisha 128. Kwenye gemu nzito mpya inashinda waziwazi. Mwenye pawa saplai ya uhakika, vioo vikubwa na wateja walio tayari kulipa zaidi kwa saa ana sababu ya kuichukua. Swali ni kama wateja hao wapo Makambako au wapo kwenye mawazo ya muuzaji.

Kipimo cha kweli ni gemu zitakazochezwa. GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ilipendekezewa GTX 660 ya GB 2, kwa hiyo kadi zote tatu ndogo zilizotajwa zinaimudu kwa kiwango cha kuridhisha. EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 ilitaja GTX 1050 Ti au RX 570 kuwa kiwango cha chini. Chumba kinachotegemea mpira kisishuke chini ya 1050 Ti, na hiyo 750 Ti iachiwe gemu za zamani.

Kuna njia mbili za kuongeza fremu ambazo wauza kadi hawazitangazi. Ya kwanza ni kioo. Kioo cha nukta 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088 za kuchorwa, na cha 1920 kwa 1080 kina 2,073,600, yaani karibu mara mbili. Kadi ileile inapumua zaidi kwenye kioo kidogo, nacho ni cha bei nafuu. Ya pili ni kwa anayeanza bila kadi kabisa, akitumia grafiksi zilizomo kwenye prosesa. Kompyuta ya aina hiyo yenye kipande kimoja cha RAM ya DDR3-1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ikiongezwa kipande cha pili kinachofanana nacho zinakuwa 25.6. Ni matumizi madogo yanayoweza kumvusha mtu miezi ya kwanza.

Umri nao una bei. Oktoba 2025 NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho yenye maboresho ya gemu kwa kizazi cha 750 Ti na 1050 Ti, ikabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haikuguswa na uamuzi huo. RX 580 nayo, kwa maelezo ya AMD ya mwaka 2023, ilibakiziwa marekebisho muhimu tu. Anayefikiria kuuza kadi zake baada ya miaka miwili aliangalie hilo, maana mnunuzi wa wakati huo ataliangalia.

Tena, RX 580 nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, mpaka Ethereum ilipoacha njia hiyo Septemba 2022 na kadi zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo inaweza kuwa nzima, lakini feni na dawa ya kupozea huwa zimechoka.

Kutoka Kariakoo hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na kadi mbovu ikishashuka kwenye basi, kuirudisha ni nauli, siku mbili na ubishi. Majaribio yafanyike dukani. Kadi ichomekwe, GPU-Z ifunguliwe, yasomwe aina ya kumbukumbu na idadi ya viini, kisha gemu au programu ya kuitesa kadi iendeshwe nusu saa bila kuzimwa. Vidoadoa vya rangi kwenye kioo, feni inayokwaruza au kompyuta kujizima ni sababu ya kutosha ya kuiacha mezani. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa apunguze bei kwa kiasi kinachofanana na hatari hiyo, au mnunuzi aende duka la pili. Risiti iandikwe jina kamili la kadi, aina ya kumbukumbu na namba iliyobandikwa nyuma yake.